Umesimama tu unaangalia: jinsi ya kujua kama hilo ni kosa la jinai au ni roho mbaya tu

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Mwanza, sio wakili, yani sisi ndio wale mnatukuta kwenye kiofisi cha mtaa tuna meza moja na viti vya plastiki tunawaandikia watu barua. Kila mwezi lazima atokee mtu na swali hili: "kaka, fulani alikuwepo, aliona kila kitu, hakufanya chochote, si tunaweza kumshtaki?" Jibu langu linawaudhi watu kwasababu mara nyingi ni hapana, halafu mara chache ni ndio, tena ndio ya miaka mingi jela, na kinachotofautisha hapana na ndio hakipo pale watu wanapokitafuta. Watu wanatafuta kwenye ukatili, "aliangalia huku anacheka", "alikua anarekodi", wakati sheria inaanza kuuliza kitu kingine kabisa. Kwahiyo leo naandika jinsi ninavyoichambua ishu ya namna hii, uipime mwenyewe nyumbani kabla hujapoteza nauli ya daladala kunifuata.

Tuanze na Bukoba maana hii wote tunaikumbuka. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar iliangukia ziwani, karibu kabisa na uwanja, ndani watu 43, wakafariki 19, wakatoka hai 24. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, na yule kijana Majaliwa Jackson akaupiga mlango kwa kasia mpaka ukafunguka, baadae akazawadiwa milioni moja na kazi Zimamoto. Sasa jiulize, yule kijana angebaki kwenye mtumbwi wake, akaangalia mkia wa ndege umechomoza juu ya maji, akaendelea zake kuvuta nyavu, angeshtakiwa kwa kosa gani? Hamna. Hakuna kifungu. Nikisema hivi kuna watu wanabisha mpaka mishipa ya shingo inatoka ila ndivyo ilivyo, kwa sheria yetu mpita njia wa kawaida halazimiki kumuokoa mtu asiyemuhusu. Alichofanya kilitoka kwenye moyo wake tu, hakukua na sheria iliyomsukuma.

Haya sasa badilisha mtu. Weka pale mtu ambaye kazi yake, analipwa mshahara, ni kuokoa, ana boti, ana mafuta, amepigiwa simu, akasema ngoja kwanza nimalize chai. Huyo ni stori nyingine, na hapo ndio hatua ya kwanza ilipo.

HATUA YA KWANZA: tafuta wajibu, usitafute ubaya

Kabla ya kitu chochote jiuliza: huyu mtu alikua na wajibu wa kisheria kwa aliyeumia? Nimesema wa kisheria, ule wa dini au wa utu weka pembeni kwanza. Kama hakuna wajibu kesi inaishia hapo hata kama mhusika ni mtu wa hovyo kiasi gani. Wajibu huo una milango yake, na kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 (ndio sheria yetu kuu ya jinai), milango mingi imepangwa pamoja kifungu cha 206 mpaka 210. Nenda kavisome, ni vifupi.

Mlango wa kwanza ni kuwa na mtu chini ya uangalizi wako ambaye hawezi kujiondoa mwenyewe, iwe kwa umri, ugonjwa, ukichaa, au kwasababu umemfungia. Mgonjwa aliyelala kitandani, mzee asiyeinuka, mahabusu aliye lokapu. Ukimuweka mtu hali hiyo chakula chake, dawa zake na maji yake vinakua mzigo wako, na madhara yakitokea sheria inakuhesabu wewe kwamba ndio umeyasababisha. Halafu kuna mkuu wa kaya na mtoto wa chini ya miaka 14 anayeishi kwake. Halafu kuna kimoja ambacho mabosi wengi hawakijui, kama umemchukua mfanyakazi au mwanagenzi wa chini ya miaka 16 na mlikubaliana utamlisha, utamvisha na kumlaza, basi kutompa hivyo vitu akaumia ni jinai, sio tu kwamba wewe ni bosi mbaya. Wale wanaoleta mabinti kutoka vijijini kufanya kazi za ndani wasome hapo mara mbili.

Mlango mwingine ni kazi. Mfano ninaoupenda ni wa zamani, Uingereza 1902, kesi ya Pittwood. Jamaa kazi yake ilikua kufunga geti pale barabara inapokatiza reli. Siku hiyo akaacha geti wazi akaenda zake kula, mkokoteni ukaingia, treni ikapita, mtu akafa. Akajitetea kwamba mkataba wangu ni na kampuni ya reli, huyo wa mkokoteni simjui wala sina deni nae. Mahakama ikamwambia unalipwa ili watu wa barabarani wasife, akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Nawaeleza hii walinzi wa usiku na madereva wa vivuko, na kila mtu ambaye kukaa kwake macho ndio kazi yenyewe. Kuna nyingine ya askari polisi, 1979, Dytham, alikua kwenye sare, mtu akapigwa mpaka kufa nje ya klabu mita chache kutoka aliposimama, yeye akarekebisha kofia akasema zamu yangu inaisha akaondoka. Hakushtakiwa kwa kuua ila alikutwa na hatia ya kutotimiza wajibu wa ofisi ya umma. Raia mwingine aliyekua amesimama pale pale na kuona yale yale hakua na kosa, na hiyo ndio maana yangu nikisema usitafute ubaya.

Mlango ambao huku uswahilini unatuua sana ni wa kitu cha hatari ulichonacho au ulichokitengeneza. Hapa niwe mkali kidogo. Mtu anachimba shimo la choo futi ishirini, hela zinaisha, fundi anaondoka, juu wanaweka bati moja chakavu na tairi. Masika inakuja, bati linazama, mtoto wa jirani anafuata mpira. Halafu msibani mwenye shimo anakaa mstari wa mbele na rambirambi anatoa, na watu wanasema ni mapenzi ya Mungu. Kifungu cha 210 kinasema ukiwa na kitu, kiwe hai au hakina uhai, kinachosogea au kilichotulia, ambacho kisipoangaliwa kinaweza kuhatarisha maisha au afya ya mtu, una wajibu wa kuchukua tahadhari inayofaa. Shimo, kisima, waya wa umeme ulioutandaza mwenyewe kwenye mabanzi kupeleka kwenye banda la chipsi, mbwa mkali, vyote viko humo. Hujamsukuma mtoto, sawa, kosa lako ni kutofunika.

Na dada wa huo mlango ni pale ambapo wewe mwenyewe umeanzisha hatari hata kama ni kwa bahati mbaya. Kesi ya Miller, 1983, Uingereza tena (tutaondoka huko muda sio mrefu): jamaa kalala na sigara, kaamka kakuta godoro linaungua, kahamia chumba cha pili kaendelea kulala. Hakuchoma nyumba kwa makusudi. Kosa ni kuamka, kuona, na kuhama chumba. Tafsiri yake kwa bodaboda na wenye magari ni kwamba ukimgonga mtu, hata kama yeye ndio aliingia barabarani bila kuangalia, hiyo hatari sasa ina mkono wako ndani, na Sheria ya Usalama Barabarani inakulazimisha usimame na kutoa taarifa. Najua mnachotaka kusema, nikisimama wananichoma moto. Kweli inatokea. Ndio maana madereva wengi wananyoosha moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, na hiyo inaeleweka kabisa kuliko kwenda kulificha gari kwa shemeji na kulipeleka kwa fundi usiku anyooshe bampa.

Mlango wa mwisho una mtego: kujitwika mwenyewe. Hukua na wajibu, ukaubeba. Shangazi mzee kule kijijini, watoto wake wote mjini wanasukumiana, wewe mpwa ukaenda ukamchukua, ukamweka chumba cha uani. Mwezi wa kwanza uji unakwenda, mwezi wa tatu mkeo kachoka, mwezi wa tano mlango unafungwa kwa nje asubuhi unafunguliwa jioni. Yule mama kabla hujamchukua alikua na majirani wanaopita kumjulia hali, wewe umemtoa kwenye macho ya watu. Akifa kwa njaa na vidonda, wale watoto wake wa kumzaa wanaweza wakapona kisheria na wewe mpwa uliyejitolea ukafungwa. Inauma, najua. Waingereza waliwatia hatiani kaka wa marehemu na mwenza wa huyo kaka kwa jambo kama hilo kwenye kesi ya Stone na Dobinson, 1977, watu wenyewe walikua wa uwezo mdogo wa akili na walijaribu kumtafuta daktari wakashindwa. Binafsi naona ile kesi ilikua kali mno. Ila funzo lake ni la vitendo sana: ukishindwa sema umeshindwa, nenda kwa mtendaji wa mtaa, ita ukoo, andikeni hata karatasi. Sheria haimbani aliyerudisha mzigo mbele za watu, inambana aliyefunga mlango akanyamaza.

HATUA YA PILI: alijua? aliweza?

Hii fupi. Umeshapata wajibu, sasa uliza kama mhusika alijua kinachoendelea (au hali ilikua wazi kiasi kwamba mtu yeyote mwenye akili timamu angejua), na kama alikua na uwezo wa kufanya kitu. Baba asiyejua kuogelea hashtakiwi kwa kutoruka Ziwa Victoria kumfuata mwanae, lakini anaweza kuulizwa kwanini hakuita wenye mitumbwi waliokua hatua 30. Mtu amenaswa na umeme, usimguse kwa mkono na hakuna hakimu atakayekulaumu, ila kwenda kuzima swichi kuu unaweza. Na umasikini unahesabika, mzazi aliyekosa kabisa chakula ni tofauti na mzazi mwenye hela ya bia.

HATUA YA TATU: kutotenda kwake ndio kumeleta madhara?

Watu wanairuka hii na ndio inaua kesi nyingi. Upande wa mashtaka lazima uonyeshe kwamba kama angefanya wajibu wake matokeo yangekua tofauti, na pia kwamba uzembe wenyewe ulikua mkubwa. Kuua bila kukusudia, kifungu cha 195, kinataja wazi kutokutenda, ila ni kutokutenda kunakofikia uzembe wa jinai. Kusahau kumpa mgonjwa dozi moja ya dawa sio sawa na kumuacha wiki nzima. Ukija kwangu bila cheti cha daktari kinachosema marehemu kafa na nini, mimi nitakusikiliza, nitakupa maji, ila kesi sina.

Haya, sasa ule umati uliosimama

Hapa ndio watu wengi wanakotaka nifike. Hawana undugu na marehemu, hawana mkataba, hawakuanzisha chochote, wamesimama na simu. Je wana kosa?

Kuna kifungu kimoja ambacho kinawagusa bila kujali undugu, cha 383. Kinasema mtu akijua kwamba mwingine anapanga kutenda kosa au anatenda kosa, asipotumia njia zote zinazofaa kulizuia, na yeye ana kosa. Msikilize vizuri, hicho kinahusu uhalifu. Ndege ikianguka, mtu akizama, kijana akidondoka kifafa, hakigusi. Lakini wananchi wenye hasira wakimpiga mwizi wa simu kwa mawe na wengine wanatafuta petroli, hapo kinagusa, maana kinachotendeka pale ni mauaji hata kama aliyelala chini kaiba kweli. Njia zinazofaa kwa mtu mmoja mbele ya watu sitini ni zipi? Simwambii mtu aingie katikati akae juu ya mwizi, utakufa wewe. Lakini kutoka pembeni ukapiga polisi ni njia, kumfuata mjumbe ni njia. Ulieenda kununua petroli, wewe hatukuongelei hapa, wewe ni muuaji wa kawaida.

Kwenye maandishi kifungu kipo. Kwenye ofisi yangu sijawahi kukiandikia barua hata moja, maana utaanzia kwa nani? Watu mia mbili, wote wanajuana, wote "nilifika wakati kimeshaisha".

Na wazee wetu hili walishalifikiria kabla ya hizo Sura zote. Huku Usukumani mwano ukipigwa, yani yowe la hatari, unatoka. Unaacha chakula unatoka. Sungusungu walipoanza kule Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 80, asiyeitikia mwano alipigwa faini na kijiji, na mkaidi alitengwa, hapewi moto, hasalimiwi. Serikali ikaja kuwatambua sungusungu kisheria 1989. Walikua na makosa yao mengi na mengine ya kutisha sitaki kuyapamba, lakini kwenye hili la kuitikia walikua na kitu ambacho Kanuni ya Adhabu haina: kukaa ndani wakati jirani analia lilikua kosa lenye jina na lenye bei.

Nje huko wapo waliojaribu. Wafaransa wana kosa la kutomsaidia mtu aliye hatarini, miaka 5 jela na faini ya euro 75,000, na cha kushangaza lilianzia kwenye sheria ya 1941 wakati nchi yao imekaliwa na Wajerumani, baada ya vita wakalibakiza wakalifanyia ukarabati. Wajerumani wao adhabu ni ndogo, mwisho mwaka mmoja au faini. Oktoba 2016 mjini Essen mzee wa zaidi ya miaka 80 alianguka kwenye chumba cha mashine za kutolea hela benki, kamera zikarekodi wateja wakimpita, mwingine anamruka, wanatoa hela wanaondoka. 2017 mahakama ikawapiga faini watatu. Utetezi wao ulikua walidhani ni mtu asiye na makazi amelala. Nimeufikiria sana ule utetezi, maana hata angekua hana makazi, si bado ni mtu amelala sakafuni? Upande wa pili, Florida kule Marekani, Julai 2017 vijana watano walimrekodi mtu akizama kwenye bwawa huku wanamcheka, na hawakushtakiwa kwasababu hakukua na sheria ya kuwashtakia. Kwahiyo sisi kwenye hili tuko upande wa Florida, ukiondoa kile kifungu cha 383.

Jinsi ya kuamua kama INGEPASWA kuwa kosa

Sasa natoka kwenye sheria ilivyo naingia kwenye sheria ninavyoona ingetakiwa iwe, usije ukanukuu hii mahakamani ukaniponza.

Kipimo changu cha kwanza ni gharama. Mwaka 1837 tume ya Macaulay iliandika rasimu ya Kanuni ya Adhabu ya India (ndio hiyo Waingereza walitutumia Tanganyika kabla hawajaleta hii yetu ya 1930) na wakatoa mfano wa daktari aliye Calcutta, mgonjwa yuko Meerut, safari ndefu kweli kweli, na ni yeye peke yake India nzima anayeweza ile operesheni. Asipoenda mgonjwa anakufa. Je ni muuaji? Wakasema hapana, huwezi kumpa mtu kitanzi kwa kukataa kuvuka nchi. Nakubaliana nao. Ila wenzetu wakatumia mfano wa mbali kukwepa mfano wa karibu. Kati ya kusafiri Calcutta mpaka Meerut na kubonyeza 112 kuna nafasi kubwa sana, na mi naona jinai ingeweza kukaa upande huu wa 112 bila kumuonea mtu. Nikipewa kalamu, kosa lingekua dogo tu: umeona kwa macho yako mtu yuko kwenye hatari ya kufa, una simu au una sauti, hakuna hatari yoyote kwako, hukuita msaada na hukuhakikisha kama kuna aliyeita. Faini au kazi za jamii, basi. Isiwe kifungo, maana ukiweka kifungo watu watakimbia eneo la tukio ili wasihesabike, na aliyekimbia ana faida ndogo kuliko hata mmbea aliyesimama.

Kipimo cha pili ni je, tunawalinda wanaosaidia? Hapa ndio naikasirikia nchi yangu kidogo. Ukimbeba majeruhi wa ajali unaanza kuulizwa PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu) iko wapi, wewe ni nani yake, namba yako ya simu, kaa hapo kwanza. Mwingine anaambiwa ni wewe uliyemgonga ndio maana una huruma. Huwezi kumpiga faini mtu kwa kutosaidia wakati aliyesaidia jana amelala kituoni akitoa maelezo. Kwangu mimi utaratibu ungekua ulinzi kwanza, kosa baadae, sio kinyume chake.

Kipimo cha tatu ni kwa watoto, na huku sina mjadala. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inasema mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa. Yeyote, yani hata jirani. Ukisikia mtoto wa nyumba ya pili anachapwa waya kila usiku ukaongeza sauti ya tivii, hapo hoja ya "hainihusu" haipo tena. Namba 116 ni ya watoto, ni bure, huhitaji kuwa na vocha.

Vitendo sasa: umekutana nalo barabarani

Niwape la kwangu. Jioni moja barabara ya Igoma, bodaboda imelala ubavu, taa ya nyuma bado inawaka, kijana yuko chini helmeti imechomoka imebingirika mpaka mtaroni. Watu kama arobaini. Tochi za simu zimewashwa kama tuko kwenye mkesha. Mama mmoja anayechoma mahindi akaacha jiko lake, akavua kitenge cha juu akamfunika yule kijana miguu, akageuka akatuangalia akasema "nyie mmesimama kama mnangoja mgao?" Simu ilikua mkononi mwangu. Mimi, ninayewaandikia watu barua za uzembe, nilikua nimesimama dakika nzima naamini kabisa kwamba kwenye watu arobaini lazima kuna mtu ameshapiga. Nikauliza kwa sauti nani kapiga polisi? Kimya. Hakuna hata mmoja. Yule kijana alipona, mguu ndio bado.

Kwahiyo cha kwanza uliza kwa sauti nani amepiga, usidhani. Kama hakuna jibu piga wewe, 112 polisi, moto au mtu amenasa kwenye gari 114 Zimamoto. Cha pili mteue mtu kwa nguo yake, "wewe kaka wa jezi ya Yanga simamisha magari", maana ukisema "jamani saidieni" kila mtu anageuka kumtazama mwenzake. Usimkunje majeruhi kama gunia kwenye bajaji, ukimvunja shingo umeanza kuingia kwenye ule mlango wa kuanzisha hatari, mfunike, zuia damu kwa kitambaa, ongea nae. Kama lazima abebwe mbebeni watu wanne amenyooka. Mali zake, simu na hela, mkabidhi mtu mbele ya mashahidi na mtaje kwa sauti ni nani kapewa, maana wema mwingi umeishia kuitwa wizi.

Ukifika hospitali sema ulichokiona tu. "Nilimkuta amelala, sikuona ajali." Usijaze stori. Polisi wakitaka maelezo toa, soma kabla hujasaini, kama kuna sentensi sio yako ikatae irekebishwe. Chukua namba ya RB (namba ya taarifa yako pale kituoni) au jina la askari.

Na ile orodha ya simu ulizopiga kwenye simu yako usiifute. Imeandika saa na dakika uliyopiga 112. Piga picha ya skrini, jitumie mwenyewe wasapu, maana siku mtu atakapokuja kusema ulikuwepo na hukufanya kitu, au kwamba wewe ndio uliyemgonga, kitu cha kwanza nitakachokuomba ukikaa kwenye kile kiti changu cha plastiki ni hicho.